Binti anasoma riwaya za giza na mama yake anaumwa, tumnyang'anye?

Mleta mada, umeuliza kama umnyang'anye mtoto wa dada yako, wa kidato cha pili, zile riwaya za giza anazokesha nazo, za wazazi walevi, watoto wanaojikata, watu wanaojiua, na hofu yako ni kwamba mama yake mwenyewe anaumwa bipola, ule ugonjwa wa akili ambao mtu hisia zinampanda kupita kiasi halafu zinashuka kabisa. Mi nasema usimnyang'anye. Nimekulia nyumba ya hivyo.

Mama yangu akipanda alikuwa halali kabisa, saa nane usiku anashusha mapazia yote anafua, anabandika sufuria la pilau la kulisha mtaa mzima, anaongea haraka mpaka humfuatilii. Akishuka anageukia ukutani, kuoga hataki, kula hataki. Sisi watoto hali ya siku tuliijua kwa mlio wa kandambili zake koridoni, zikiburuzwa basi leo tunajipikia, zikipiga harakaharaka tunaficha hela ya ada maana ataimaliza sokoni. Na hakuna aliyetuambia kwamba ule ni ugonjwa. Ndugu walisema karogwa, mtaani wakasema huyu wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, nyumbani tukaambiwa ya ndani yasitoke nje. Ukimya kama ule unamfanya mtoto aamini yeye ndo kasababisha.

Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi nilikutana nayo sekondari. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadae ikaruhusiwa, na wengi wanaikumbuka kwa mambo ya mapenzi tu. Mi nilikwama kwa Zakaria, baba mlevi, familia yote kule Ukerewe inayumba kwa ajili yake, anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana, na Regina mama yao anavumilia tu. Yani nilisoma nikasema kumbe mambo haya yapo na kwa watu wengine, tena mtu mzima kakaa chini kayaandika bila aibu. Kwa mara ya kwanza nikapata maneno ya kumwambia rafiki yangu kinachoendelea kwetu.

Ila vitabu havilingani. Kuna kile cha Jay Asher wa Marekani, Thirteen Reasons Why cha 2007, binti kajiua kaacha kanda za kaseti zinazowataja waliomkosea mmoja baada ya mwingine. Netflix wakakifanya tamthilia 2017, wakalaumiwa sana, 2019 wakaikata ile sehemu inayoonyesha anavyojiua. Kinachonitisha pale ni kwamba kifo kinafanya kazi ya kisasi, marehemu ndo anasikilizwa na wote wanajuta, na mtoto ambaye nyumbani hasikilizwi anaweza kuona hiyo ndo njia. Rosa nae anajiua, lakini Kezilahabi hakukipamba kile kifo, hakuna alichopata Rosa wala aliyeshinda.

Kwahiyo soma na wewe anachosoma, hata sura mbili tatu. Angalia mgonjwa ameandikwa kama mtu au kama zimwi, na kama kuna yeyote anayetafuta msaada. Alafu usimhoji kama mtihani, muulize tu nani kamuudhi zaidi humo ndani, utashangaa atakavyofunguka. Ila akianza kusema hataki kuishi, au ukiona amejikata, mjadala wa vitabu uishie hapo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa wanahudumia afya ya akili, sio lazima Muhimbili.

Na dada yako ashirikishwe, akiwa kwenye siku zake nzuri. Mama yangu alipotulia na dawa nilimpa Rosa Mistika asome. Akaimaliza, akaja amekasirika kweli, ananiuliza huyu Regina kwanini asiwachukue wanae akaondoka, na mimi ndo nikapata pa kumuuliza kwanini yeye siku zile hakutuambia anaumwa. Tuliongea mpaka chakula kikapoa.