Dawa imesafisha mapafu ya panya, ubongo bado una kuvu

SWALI: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi. Tunajaribu dawa mpya ya kriptokokasi, kuvu inayoleta homa ya uti wa mgongo. Kwenye sahani za maabara inaua vizuri. Kwa panya, mapafu yalisafika lakini ubongo ulibaki na kuvu sawa na wa wasiotibiwa. Je, tuiache? Mwenzangu anasema tuhamie kwa sungura.

JIBU: Msiiache bado, na sungura wasubiri. Kwanza jueni ni kiasi gani cha dawa kilifika ubongoni, maana ubongo una ukuta wake na dawa nyingi hukwamia hapo. Chukueni panya wachache wa dozi ileile. Kabla ya kutoa ubongo, pitisheni maji ya chumvi moyoni yasukume damu yote nje, ndipo mpime. Bila kuosha, mtapima damu iliyosalia kwenye mishipa mkidhani ni ubongo. Nimeona watu wakipoteza miezi kwa kosa hili.

Pia angalieni saa. Flukonazoli, dawa ya kuvu, hupungua nusu mwilini mwa binadamu kwa saa 30 hivi. Kwa panya ni kama saa 5. Vorikonazoli, ndugu yake, huisha upesi zaidi, hata watafiti wengine huwanywesha panya juisi ya balungi ili isivunjwe haraka. Kama mnatoa dozi moja kwa siku, huenda panya wenu wanakesha bila dawa.

Sungura ana faida moja kubwa: unaweza kumtoa maji ya uti wa mgongo mara kadhaa ukaona kuvu ikipungua siku hadi siku. Lakini joto lake la mwili huizuia kuvu, kwa hiyo lazima adungwe kortisoni kudhoofisha kinga yake. Tena mkikosa dawa kwenye maji hayo, msikate tamaa: amfoterisini B, dawa nyingine ya kuvu, huonekana humo kwa shida, ila huua kuvu ndani ya ubongo wenyewe. Dozi yake moja ya miligramu 10 kwa kilo, ile iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli, ndiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wagonjwa mwaka 2022.

Na tafadhali, chungulieni vizimba asubuhi na jioni. Fuvu la panya likianza kutuna kama kuba, au uzito ukishuka kwa asilimia 20, muueni siku hiyohiyo bila maumivu. Mkimkuta amekufa alfajiri, hesabu ya koloni zake (vidoa vya kuvu vinavyoota kwenye sahani) haiaminiki tena, naye atakuwa ameteseka bure.