Nimeshamaliza fildi, krediti nazipataje?

Barua za toleo hili zinajibiwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika kitivo cha chuo kikuu kwa miaka 11.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasomea ugavi. Likizo iliyopita nilijitafutia nafasi kwenye ghala la dawa, nikafanya wiki 8 bila kukosa hata siku moja. Juzi nikasikia wenzangu wamepewa krediti kwa fildi kama hiyohiyo. Nimekwenda ofisini na barua ya shukrani kutoka ghalani, nikaambiwa nimechelewa. Nimechelewaje wakati kazi nimeifanya?

Marahaba mwanangu. Hongera kwa wiki 8, na pole kwa jibu ulilopewa. Aliyekuambia umechelewa hakukuonea, ingawa angeweza kukupa kiti kwanza ndipo akueleze.

Chuo hakitoi krediti, yaani zile alama za uzito wa masomo zinazojumlishwa hadi utimize shahada, kwa sababu umefanya kazi. Kingekuwa kinafanya hivyo, mtunza stoo wako angeshakuwa profesa. Krediti hutolewa kwa kujifunza kulikokubaliwa mapema, kukasimamiwa na kukapimwa. Ndiyo maana karatasi hutangulia. Unajisajili kwenye somo la mafunzo kwa vitendo kama unavyojisajili kwenye somo lingine lolote, kisha wewe, mhadhiri na msimamizi wa kazini mnaandika malengo na kuyasaini, halafu ndipo unakanyaga ghala. Barua yako inasema ulikuwa kijana mwenye nidhamu. Ulijifunza nini haisemi, na hakuna mhadhiri anayeweza kusahihisha nidhamu.

Hata hivyo usiitupe. Kuna milango mitatu ya kubisha, kila mmoja na mtu wake.

Wa kwanza ni kwa mhadhiri anayekufahamu. Muulize kama kitivo kina somo la kujisomea chini ya usimamizi wake. Ukikubaliwa, uliyoyaona ghalani yanakuwa malighafi ya utafiti mdogo utakaouandika muhula ujao, na krediti zitahesabiwa kwa kazi hiyo mpya. Zile wiki 8 zenyewe hazihesabiwi, na usijaribu kumwomba mhadhiri arudishe tarehe nyuma. Nimewahi kuombwa hivyo na mwanafunzi niliyempenda sana, nikamwonyesha mlango.

Wa pili ni utambuzi wa mafunzo ya awali, kama chuo chako kinao. Hapo unakusanya ushahidi: ripoti ulizoandika, fomu ulizojaza, maelezo ya msimamizi kuhusu ulichoweza kufanya peke yako. Jopo linapima ushahidi huo dhidi ya somo fulani. Ni kazi ya jasho kuliko ile ya ghalani.

Wa tatu wengi hawaujui. Katika vyuo vya Ulaya, fildi iliyofanywa nje ya mtaala inaweza kuandikwa kwenye nyongeza ya shahada, ile hati inayoambatana na cheti, hata kama haikupewa krediti. Kule kwenu muulize msajili kama kuna hati ya namna hiyo.

Ukiambiwa wenzako walipata krediti tatu au nane, usilinganishe kabla hujauliza ni za mfumo gani. Tuseme ulifanya saa 30 kwa wiki, jumla saa 240. Katika ECTS, mfumo wa pamoja wa krediti wa vyuo vya Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Hapo saa zako zingekaribia krediti 8 au 9. Kwa hesabu ya Uingereza, ambako krediti moja ni saa 10, ni 24. Marekani wanahesabu saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa takribani wiki 15 za muhula, yaani kama saa 45 kwa krediti, kwa hiyo zingekuwa 5. Jasho ni lilelile.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaniumiza kichwa ofisini: daftari la kila siku. Nilikuwa napokea madaftari yenye kurasa 40, na kila ukurasa umeandikwa “Nimesaidia kazi za stoo.” Arobaini! Halafu siku moja nikapokea la binti mmoja, limelowa chai pembeni, na Jumanne yake ilisomeka hivi: “Kadi ya stoo inasema katoni 36, kwenye rafu zipo 31. Nimehesabu mara mbili. Tano zilitoka Ijumaa jioni, hati ya kutolea imesainiwa lakini kadi haikujazwa kwa sababu kalamu hufungiwa na mzee wa zamu. Kesho nitaomba kadi ijazwe kabla mzigo haujavuka mlango.” Ukurasa wa Alhamisi ukaeleza walivyomkatalia, na wa Ijumaa walivyomkubalia. Sikuhitaji ripoti yake ya mwisho kujua kwamba amejifunza udhibiti wa akiba, ila niliisoma kwa raha tu.

Ukipata fildi nyingine, andika hivyo. Na msimamizi asaini kila Ijumaa, usingoje mwisho. Mimi mwenyewe enzi za usomi wangu nilipoteza krediti zangu namna hiyo: msimamizi alihamishwa wiki ya tisa, fomu ya tathmini ikabaki kwenye droo ambayo ufunguo aliondoka nao. Nilirudia mafunzo yote mwaka uliofuata, mahali pengine, na mihuri nilikuwa naikusanya kama mtoto anayekusanya vizibo.

Mwalimu, ofisi moja imenikubali kwa miezi mitatu. Wanasema hawanilipi kwa sababu krediti ndiyo malipo yangu. Chuo nacho kinanidai ada ya somo hilo. Yaani nalipa ili nifanye kazi bure?

Umeiona vizuri, na swali lako linatakiwa kumfikia mkuu wa kitivo, si mimi tu. Lakini ofisi haina krediti ya kumpa mtu. Krediti inatoka chuoni, kwa hiyo wanakulipa kwa hela ya mfuko wa mwenzao.

Sheria za kazi ndizo zinazoamua kama unastahili mshahara, na zinatofautiana kila nchi. Marekani, kwa mfano, tangu 2018 Wizara ya Kazi hutazama mambo saba kujua ni nani anayenufaika zaidi, mwanafunzi au kampuni iliyomchukua. Uhusiano wa fildi na masomo, pamoja na krediti, ni jambo moja tu kati ya hayo saba. Lingine ni kama kazi ya mwanafunzi inakaa pembeni ya kazi ya wafanyakazi wanaolipwa au inachukua nafasi yao. Kama umewekwa kwenye meza ya mtu aliyeacha kazi mwezi jana na unafanya kila alichokuwa anafanya yeye, krediti haibadilishi kitu hapo.

Kuhusu ada, uliza jambo moja kabla hujasaini: somo hili likichukuliwa ndani ya muhula wa kawaida, limo ndani ya ada ninayolipa tayari? Vyuo vingi hutoza pembeni kwa masomo ya likizo. Nimeona wanafunzi wakiahirisha usajili hadi muhula uliofuata, wakafanya siku mbili kwa wiki huku wanasoma, na hawakuongezewa ada. Ila angalia kikomo cha krediti za muhula usije ukakivuka. Uliza pia krediti hizo zinaingia wapi. Kama ni za masomo ya hiari, na krediti za hiari umeshazimaliza, utakuwa umelipia namba ya kupamba hati ya matokeo. Hapo fanya fildi bila kujisajili, na uwaombe ofisini angalau nauli.

Naweza kupata krediti na mshahara kwa pamoja? Rafiki yangu anasema ni marufuku.

Hakuna kanuni moja kwa vyuo vyote. Vipo vitivo vinavyokataza, na vipo vilivyojengwa juu ya utaratibu huohuo. Mpango wa kupokezana darasa na kazi ya kulipwa aliuanzisha Herman Schneider katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906, kwa wanafunzi wa uhandisi. Soma mwongozo wa kitivo chako, na usipoyaona maneno “bila malipo”, mwandikie mratibu barua pepe umuulize wazi. Akikujibu ndiyo, ihifadhi barua hiyo. Waratibu hubadilika, najua maana nilikuwa mmoja wao.