Ogopa msokoto, usiogope gramu: kuunda glaida ya mlimani

Bawa la kwanza la glaida yangu, ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, liliyeyuka nikilitazama. Nilikuwa nimelikata vizuri kutoka kwenye stairofomu nyeupe, nikaenda kwa muuza faibaglasi mjini nikamwambia nataka resini na kitambaa. Akanipa anachowapa wateja wake wote: resini ya poliesta, ile ya kutengenezea matangi ya maji na bodi za matatu. Brashi ya kwanza tu, stairofomu ikaanza kudidimia kama sukari kwenye chai. Kosa halikuwa lake, mimi ndiye sikumwambia naenda kuipaka juu ya nini. Poliesta ina staireni, na staireni huila stairofomu. Kinachotakiwa ni epoksi, resini isiyo na staireni. Ukiikosa siku hiyo, rudi nyumbani ukalale.

Tangu niwe napiga picha glaida zangu, wanaoniuliza huanza na swali moja: kaboni, zile nyuzi nyeusi nyepesi na imara, unanunua wapi? Nami huwajibu kwa swali: bawa lako limenyooka? Kwa sababu glaida ya mlimani haina injini wala propela. Upepo ukigonga mlima hauna njia ila kupanda, nawe unairusha ndege ndani ya huo upepo unaopanda, ikae humo hata saa nzima. Hapo uzito si adui sana. Upepo ukiwa mkali sisi wenyewe tunaongeza vipande vya madini ya risasi ndani ya ndege ili ipenye. Huko Ulaya kuna mashindano yanayoitwa F3F, mita 100 mara kumi, nenda rudi, anayemaliza upesi ndiye bingwa, na ndege zao hubeba risasi kwa wingi. Lakini bawa lililojisokota haliongezewi kitu likapona. Unaweza kulisawazisha kwa eleroni, vile vibao vya kugeuzia vilivyo nyuma ya bawa, likaenda sawa kwa kasi moja, ukibadilisha kasi linaanza tena kulala upande.

Na msokoto ni kitu kidogo sana. Bawa langu lina upana wa sentimita 22 shinani na 15 nchani. Hapo nchani, ukingo wa nyuma ukipanda au kushuka milimita 2.6 tu, tayari umepinda digrii moja. Digrii moja upande wa kushoto bila ya kulia, utaiona ndege ikiviringika mara tu inapotoka mkononi.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kukata. Ndege yangu ina mabawa mawili ya mita moja moja, yanaunganishwa kwa fimbo ya chuma ili yaingie kwenye gari. Umbo la mkato wa bawa nililotumia linaitwa RG15, la zamani kidogo lakini linapenda kasi na halina visirani. Nilichapisha umbo hilo kwa vipimo viwili, nikabandika kwenye fomaika, nikakata violezo viwili na kuvipiga msasa hadi kidole kikawa kinateleza. Usidharau huo msasa, kila kijino kwenye kiolezo kitachorwa kwenye bawa zima. Waya wa kukatia, unaoteleza juu ya violezo vilivyobandikwa kwenye ncha mbili za stairofomu, ni wa nikromu, umevutwa kwenye upinde wa mbao na kupashwa moto kwa betri ya pikipiki.

Sasa, kiolezo cha shinani ni kirefu kuliko cha nchani, lakini waya lazima uanze na kumaliza pamoja pande zote mbili. Tulichora mistari kumi kwenye kila kiolezo na kuipa namba. Mimi nikashika shinani, mpwa wangu akashika nchani, na yeye ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti. Bawa la kwanza, tulipofika sita mimi nilikuwa saba. "Mjomba, unakimbia!" Nikasimama kumsubiri, na pale niliposimama waya ukachimba shimo. Moto haungoji. Ukiteleza, endelea taratibu, usisimame kamwe. Tulitupa mabawa matatu kabla ya kupata mawili ya kuaminika, na kwa bei ya stairofomu hiyo si hasara.

Yale maganda yanayobaki juu na chini baada ya kukata, usiyatupe. Hayo ndiyo kitanda cha bawa lako.

Kitambaa cha kwenye maduka yetu kwa kawaida ni kizito, na ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa haufai kabisa, unakunywa resini kama ngamia. Mimi niliagiza kitambaa cha gramu 80 na cha gramu 49 kwa mita ya mraba. Cha 80 nakilaza mshazari, nyuzi zikiwa digrii 45 kwa urefu wa bawa, kwa sababu nyuzi za mshazari ndizo zinazozuia bawa kujisokota likiwa hewani. Cha 49 kinakaa juu yake. Kaboni nayo? Vibanzi viwili tu, kimoja juu na kimoja chini, vimefungwa na ubao mwembamba uliosimama katikati. Huo ndio uti wa bawa. Watu huweka kaboni wakasahau ubao, halafu bawa linajikunja kama kitabu.

Epoksi ipimwe kwa mizani, si kwa macho. Kitambaa cha mabawa yote mawili kilikuwa na gramu 95 hivi, nami nikachanganya epoksi uzito huohuo, hadena ya kuigandisha ikiwemo. Mizani niliiazima jikoni, na mama watoto amenikumbusha mara nyingi kwamba haikurudi. Vaa glavu hata kama unajiona ngozi yako ni ngumu. Mzio wa epoksi huja polepole, na ukija hauondoki. Walioko Mombasa wachanganye kidogo kidogo, maana kwenye joto lile kikombe kilichojaa kitaanza kutoa moshi kabla hujapaka nusu. Kwetu Nairobi mwezi wa saba ni kinyume chake, inakaa kama uji hadi kesho yake.

Kinacholifanya bawa liwe laini kama kioo ni vakyumu. Kitambaa kinalowekwa juu ya plastiki ngumu inayong'aa iliyopakwa nta ya gari, kinafungwa juu na chini ya bawa, vyote vinaingia ndani ya mfuko wa nailoni, unanyonya hewa. Pampu yangu ni kompresa ya friji iliyokufa. Nilimpata fundi friji, akacheka, akasema, "Mzee, hii itakutemea mafuta." Ilinitemea kweli. Weka chupa kwenye bomba la kutolea. Kujua bomba linalonyonya, gusa kwa kidole gumba.

Hapo nikafanya kosa langu la pili kubwa. Kompresa ya friji ina nguvu, nami nikaiacha inyonye hadi mwisho wake, nikiamini kwamba nguvu nyingi ni uzuri mwingi. Asubuhi nikafungua mfuko nikakuta bawa bapa kama chapati. Stairofomu nyeupe haistahimili zaidi ya kilopaskali 20 hadi 25. Weka geji na kijivalvu cha kuvujisha hewa, kisha ukae nayo nusu saa ukiiangalia. Na mfuko uzibe kweli kweli, kwani usiku mmoja stima ilipotea saa nane, na kilichoniokoa ni kwamba mfuko ulishika hadi iliporudi.

Bawa likiwa ndani ya mfuko, lirudishe katikati ya yale maganda, uliweke juu ya meza iliyonyooka, uweke vitabu vizito juu. Meza usiiamini. Weka rula mbili za alumini kukatiza meza, moja huku na moja kule, uinamie uzitazame kwa jicho moja. Zikionekana sambamba, endelea. Mafundi seremala wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, na sijaona kifaa cha bei kinachowashinda.

Mengine nitayapita haraka. Kitovu cha uzito kiwe kama theluthi ya upana wa wastani kutoka mbele, kwangu sentimita 6, na siku ya kwanza kisogeze mbele kidogo. Ulizia kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujarusha. Milima ya Ngong, ninakorushia, ina lango na ada ya kuingia, ina mitambo ya upepo ambayo unakaa mbali nayo, na juu yake hupita ndege ndogo za uwanja wa Wilson.

Tulirusha upande wa mashariki, uso kwa Nairobi. Juu kule hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege hutua kwa kasi zaidi ya asilimia 10 kuliko ingetua pwani, na hilo nililijua kwa hesabu tu. Ilikaa hewani dakika arobaini, imenyooka, sikugusa eleroni ila kwa kugeuza. Wakati wa kutua nikaipitisha nyuma ya mgongo wa mlima, upande wa Bonde la Ufa, ambako upepo hujiviringa na kushuka. Ikaporomoka kama jiwe. Mkia ulikatika vipande viwili, mabawa hayakuwa na hata ufa. Tuliyafunga kwa shuka tukashuka nayo hadi stendi, na konda wa matatu akayatoza nauli ya mtu mzima.