Tembo wa Ruaha si wa kijivu

Mdogo wangu, umeuliza kama inatosha kuchora wanyama kwa kuangalia picha za simu, kwa kuwa wateja wanataka tembo na nauli ya kwenda hifadhini huna. Mimi nachora hapa Iringa mwaka wa kumi na moja sasa, na minne ya mwanzo nilifanya hivyohivyo. Tembo wangu wote walikuwa wa kijivu. Walinunuliwa, ila hakuna hata mmoja niliyemjua.

Oktoba moja nikapata lifti kuingia Hifadhi ya Ruaha. Mto ulikuwa umekauka, kama unavyokauka kiangazi tangu miaka ya 1990, umebaki mchanga na madimbwi. Tembo jike akasimama karibu na gari letu, akaanza kuchimba kwa mguu wa mbele, taratibu, mchanga akiuchota kwa mkonga na kuutupa kando. Maji yalipojitokeza hakuyanywa kwanza. Alisubiri tope litulie. Mwanawe akapiga magoti ukingoni mwa shimo, mkonga haufiki. Kisha mama akajimwagia vumbi. Hapo ndipo nilipoona: mgongo rangi ya tofali bichi, miguu myeusi palipolowa, nyuma ya sikio zambarau kidogo. Kijivu sikukiona.

Tembo huvaa udongo wa anapoishi. Siku hizi nachanganya rangi ya ardhi kwanza, kisha hiyohiyo naipandisha kwenye mnyama, na anakaa pale kama aliyezaliwa pale.

Rangi usizibebe safari ya kwanza. Ruaha akriliki inakauka kwenye sahani kabla hujarudisha brashi. Kitulo, juu kule kwenye maua na ukungu, rangi ya maji haikauki kabisa, okidi zangu zote zilichuruzika. Beba penseli na daftari, rangi ziandike kwa maneno: "tofali bichi", "majivu ya jana".

Kanvasi ghali? Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alichorea hadibodi kwa rangi za baiskeli. Hilo lisikuzuie.

Na nauli isikuzuie pia. Panda mwamba wa Gangilonga jioni, chora kunguru wanavyotua mwambani, mmoja baada ya mwingine, bila kufuta. Ukijaza kurasa ishirini niandikie. Nikipata gari la Ruaha Oktoba hii, nitakuwekea nafasi.