Nilipimwa kila kitu kliniki, isipokuwa hili

Mimba yangu ya pili nilipimwa presha, mkojo, wingi wa damu, kaswende, VVU, mpaka urefu wa tumbo kwa futi ya fundi cherehani. Mhudumu akiuliza, "Mama, unaendeleaje?" najibu "Salama tu," anaandika, anaita mwingine. Jioni yake nimekaa uani mbele ya beseni la nguo nilizoloweka tangu asubuhi, nimeshika shati la mwanangu, sijui nianzie wapi.

Kilichonichelewesha kujua kuwa nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni kwamba kila dalili ilikuwa na jibu lake. Silali? Mimba hiyo. Sili? Mimba. Nalia? "Huyo wa kike," akasema wifi yangu, tukacheka. Nikaambiwa nisali, nikasali. Kusali na kwenda hospitali havijawahi kugombana.

Mwezi wa sita nikakutana na muuguzi mwenye karatasi ya maswali 10. Yalitungwa Uskoti, yakachapishwa 1987 kwa ajili ya waliojifungua, siku hizi hata wajawazito wanaulizwa. Yanahusu siku 7 zilizopita tu: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Uchovu na hamu ya kula hayaulizi kabisa, maana hivyo mimba yenyewe inaleta. Usingizi wameuuliza kwa ujanja: unaukosa kwa sababu ya huzuni? La mwisho ni kama umewahi kuwaza kujidhuru.

Mume wangu alikuwa pembeni. Nikajibu "hapana, hapana, hapana." Muuguzi akamtuma maji ya kunywa, akaanza upya swali la kwanza. Kati ya alama 30 nilipata 17. Wengi huanza kuwa na wasiwasi kwenye 13, wengine kwenye 10, ila alama peke yake si ugonjwa; daktari lazima akae na wewe akuulize. Kwa hiyo, dada, maswali hayo jibu ukiwa peke yako. Na kama kliniki yenu hawana karatasi, anza wewe. Usiseme "nina mawazo," kwa Kiswahili chetu hata kodi ya nyumba ni mawazo. Sema: "Wiki mbili sasa hakuna kinachonifurahisha, na usiku silali."

Walianza kwa kunipima damu, kwani upungufu wake nao unamlegeza mtu hivyo hivyo. Kisha mazungumzo kila wiki na mshauri. Sikupewa mawaidha. Nilipewa kazi: leo fua nguo tatu, basi, kesho tuone. Kwa sonona isiyo kali hayo yanaweza kutosha. Mimi usingizi uligoma, nikaandikiwa sertraline, dawa ya sonona. Daktari hakunificha kuwa dawa ina hatari zake, lakini akaniwekea na upande wa pili: mama asiyekula na anayekacha kliniki naye yuko hatarini, na mtoto wake pia. Ziko dawa za akili zisizomfaa mjamzito, mfano valproate, kwa hiyo usiazime kidonge cha jirani. Na kama tayari unatumia dawa, usiikatishe mwenyewe ukigundua una mimba; muulize kwanza aliyekuandikia.

Hilo la kukatisha nalijua. Siku ya 12 mama mkwe aliona pakiti. "Mwanangu, unamlisha nini mjukuu wangu?" Nikaacha siku hiyo hiyo. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kushika, mimi nikazikimbia kabla hazijafanya kazi, na wiki iliyofuata ndipo lile swali la kumi lilipoanza kunijia lenyewe usiku. Likikujia, usingoje tarehe ya kliniki. Mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huo, wala usibaki peke yako.

Mimi nilimwamsha mama mkwe. Akafunga kanga, tukapanda bajaji, akaingia na mimi hadi kwa daktari, akauliza maswali mengi kuliko yangu. Tangu hapo kila asubuhi ananiletea uji na kidonge kwenye kisosi, anasimama mlangoni mpaka nimeze.