Jibu lako liko kwenye magego

Kaka, umeuliza kwa nini Simbakubwa, yule mnyama mla nyama wa kale aliyechimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, haitwi simba wakati jina lenyewe linasema simba, na watu wamejuaje kwa vipande vya taya na meno. Wanaangalia magego.

Mimi niko Mwanza, na hapa mezani nina fuvu la mbwa nililookota kwenye mawe ya Capri Point. Kila upande lina jozi moja tu ya magego yanayopishana kama mkasi: la juu ni la mwisho kati ya magego madogo, la chini ni la kwanza kati ya yale makubwa. Paka, fisi, simba, wote wako hivyohivyo. Simbakubwa ana jozi tatu za mkasi kila upande, zimefuatana! Hapo usimba umeshaondoka. Huyo ni hayenodonti, ukoo wa wala nyama wa kale uliokwisha bila kuacha mzao hata mmoja.

Meno yake hayajalika sana, kwa hiyo alikufa angali kijana. Uzito ndio mgumu: wanaukadiria kwa ukubwa wa meno, na kutegemea kanuni unayotumia unapata kuanzia kilo 280 hadi 1,500 hivi. Mtu akikupa namba moja tu, muulize kaipataje.

Na taya hilo la miaka kama milioni 22 lilikaa miongo kadhaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi, hadi wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walipolielezea mwaka 2019.