Niliwaahidi watoto Krismasi, na sitafika

*Dada, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili Leeds, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Wanangu wawili, miaka 9 na 6, wako Rombo kwa mama yangu. Wakati wa Pasaka binti yangu alilia sana kwenye simu, nikamwambia Krismasi nitakuwa nyumbani. Tangu siku hiyo anakata tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Sasa likizo nimenyimwa, wenzangu waliwahi kuomba, na nusu ya hela ya tiketi imeishia kwenye mabati ya nyumba ya mama. Nyumbani hakuna anayejua. Kaka ameshaniandikia nitume hela ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwaka jana siku yenyewe simu ilizungushwa mkono kwa mkono, kila shangazi na shida yake, na mwanangu mdogo alipopewa akakimbia. Nililia hadi zamu ikanishinda. Mwaka huu nafikiria kuzima simu tarehe 24 hadi 26, halafu niseme mtandao ulisumbua. Nitakuwa nimekosea?*
*Mama Wawili, Leeds*

Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, utakuwa umekosea, na nadhani unajua, maana mtu aliyekwisha kuamua kuzima simu haandiki barua kuomba ruhusa.

Mimi ni wa Marangu, kwa hiyo huna haja ya kunieleza Desemba kwetu ni kitu gani. Watu wa Dar wanatucheka kwamba tunapanda Moshi kwenda kuhesabiwa. Wacheke, lakini ni kweli tunahesabiwa. Mama yako anajua nani kafika na basi la jioni, nani gari limemfia Same, nani kakosa nauli anaona aibu kusema. Aliye mbali kwa sababu inayojulikana naye yumo kwenye hesabu: "Yuko Uingereza, kabanwa na kazi." Anayeharibu sikukuu ni yule ambaye hajulikani aliko. Ukizima simu siku tatu, mama yako hatawaza mtandao. Atawaza polisi, hospitali, au maiti.

Ila kilichoninyima raha zaidi kwenye barua yako ni ile kalenda. Kila asubuhi mtoto anakata tarehe kuelekea siku ambayo wewe peke yako unajua ni tupu. Mwambie wiki hii. Ukingoja tarehe 23 utakuwa umemwachia siku mbili za kulia, na sikukuu juu yake.

Anza na mama yako, usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwambie yote, pamoja na habari ya mabati. Anaweza kukasirika kwamba ulificha, mwache amalize. Kesho yake piga jioni, yeye akiwa amekaa na wajukuu, ili simu ikishakatwa pawe na mapaja ya kulilia. Na usianze na meneja wala wenzako waliowahi kuomba. Anza na lako: "Nilikuahidi kabla sijapata likizo. Nilikosea, mwanangu, naomba unisamehe." Mtoto wa miaka 9 anajua kabisa tofauti ya kuombwa msamaha na kupewa visingizio.

Kwetu Uchagani mtu akikosa sana hapeleki maneno matupu, anapeleka sale, jani la kuombea msamaha, na aliyeletewa sale ni vigumu kukataa. Leeds huna pa kulichuma. Mwombe mama yako achume jani moja mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, amkabidhi binti yako kwa niaba yako. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wakubwa, kwa mtoto ni mchezo. Mimi nasema yeye ndiye uliyemkosea, basi lipelekwe kwake.

Atakuuliza, "Sasa utakuja lini?" Hapo ndipo wengi wetu huteleza, tukasema Juni, tukasema Pasaka, ilimradi kilio kinyamaze. Usitaje tarehe. Mwambie utaitaja siku likizo itakapokuwa imeandikwa na tiketi imelipwa, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuiona. Akitaka kujua kwa nini hamkuondoka wote, mweleze ukweli kwamba kuanzia Machi 11, 2024 Uingereza ilizuia wanaoomba viza ya kazi ya kea, hii yako ya kuhudumia wazee, kwenda na watoto. Watoto walioachwa hujitungia sababu zao wenyewe, na nyingi ni mbaya kuliko ile ya kweli.

Kaka yako mjibu kwa sentensi moja: mwaka huu nimeezeka nyumba, ndafu ni zamu yenu. Ukoo wenye watu wazima wenye kazi zao haushindwi na mbuzi mmoja.

Sasa siku yenyewe. Mwaka jana bila shaka mlipiga baada ya misa, saa ambayo nyumba imejaa, mtori uko jikoni, watu wameshashika vibuyu vya mbege. Simu ya saa hiyo ni ya ukoo, watoto hawapati kitu. Na yule mdogo sidhani alikukataa wewe. Alikimbia watu ishirini waliokuwa wakimwangalia aone aibu. Desemba saa za Leeds ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, Rombo ni saa mbili asubuhi, wanavalishwa nguo mpya na viatu vinabana. Piga hapo. Mama yako aweke simu mezani, waendelee na mambo yao, uone soksi zikitafutwa na nywele zikichanwa, usiwalazimishe kusalimia. Ukoo utawapigia tarehe 26. Ukisubiri kutoka kazini saa mbili usiku, kwao itakuwa saa tano na watoto wamelala.

Mambo ya kwako: tarehe 25 treni hazitembei, na mabasi usiyategemee. Tafuta mapema mwenzako mwenye gari. Uliza pia kama kazini kwenu siku hiyo inalipwa zaidi. Sheria haimlazimishi mwajiri, na wengine hawasemi mpaka uulize. Maduka makubwa hufungwa kwa sheria, kwa hiyo ndizi mbichi na nyama nunua kabla. Sitakuambia kwamba wazee unaowahudumia ndio familia yako ya huko. Wahudumie vizuri, ni kazi yako, kisha vua sare urudi kwako. Kama tarehe 26 uko huru, pika mtori uite watu wawili watatu, hata kama ni Mkenya asiyejua mtori. Jua la Leeds mwezi huo huzama kabla ya saa kumi jioni, na giza hilo ukilikalia peke yako, utaanza kufungua picha za nyumbani moja moja.

Nayasema haya kwa sababu nilikuwa Ujerumani mwaka 1993, mwanafunzi, na kadi ya simu ya dakika chache. Tulikubaliana kwa barua kwamba baba ashuke Moshi mjini akangoje simu. Nilipofika kwenye kibanda nikaogopa kulia mbele yake, nikarudi bwenini bila kupiga. Alingoja hadi jioni. Hakunilaumu hata siku moja, na mpaka amefariki sikuwahi kumwambia kwamba laini haikuwa mbovu.

Tarehe 24 mrushie mama yako bando, na umkumbushe achaji simu usiku uleule, maana umeme ukikatika asubuhi, tusirudi kwenye ile habari ya mtandao ulisumbua.